Ndizi iliyopiga weusi si ya kutupwa

 Ndugu msomaji, leo tunaomba ruhusa tukuingize jikoni. Huenda ukashangaa, kwa kuwa umezoea kutusoma siku kama hii tukizungumzia sala, zaka au mirathi. Lakini sehemu kubwa ya dini ya mtu huonekana katika kile anachokitupa na kile anachokitoa, na mambo yote mawili hupita jikoni kabla ya kufika msikitini.

Tulikuwa Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega. Wilaya hiyo ilizaliwa mwaka 2012, ulipoanzishwa Mkoa wa Simiyu. Kabla ya hapo eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Magu, mkoani Mwanza. Mji wenyewe umekaa kando ya barabara kuu iendayo Musoma, na Ziwa Victoria haliko mbali. Ni nchi ya pamba, mpunga, mifugo na samaki. Ndizi si zao kuu la pale. Nyingi huletwa kwa magari kutoka nyanda za Tarime. Na ndizi iliyosafiri juu ya gari, ikarundikwa, ikapigwa na jua, huwahi kubadilika rangi. Ikishapiga weusi mnunuzi huipita bila kuiuliza bei.

Baada ya sala ya Adhuhuri tulikaribishwa kwa bibi mmoja anayelea wajukuu watano. Jirani yake muuza matunda alikuwa amempa chane la ndizi za namna hiyo, akimwambia awape mbuzi. Bibi alizimenya mbele yetu. Ndani zilikuwa za rangi ya dhahabu, nzima, hazina kasoro ila laini kidogo.

"Sheikh," alituambia, "kilichozeeka ni ganda. Utamu wake ndiyo kwanza umekomaa."

Maneno hayo yalituchoma, kwani wiki hiyohiyo nyumbani kwetu tulikuwa tumetupa karibu nusu ya mkungu kwa sababu ya weusi uleule. Tulikuwa tumetoka kuwasomea watu kuhusu israfu, na funzo la kwanza tukalipata sisi kutoka kwa mwanamke aliyeketi kwenye kigoda.

Namna inavyoandaliwa

Bibi yule alitengeneza ndizi za kuchovya, yaani ndizi zinazovishwa rojo la unga na kukaangwa katika mafuta mengi. Tunaandika namna alivyofanya, ili atakaye aifanye nyumbani kwake.

Chukua ndizi sita za kisukari zilizoiva, au nne za mzuzu, ile ndizi kubwa ambayo Waganda huiita gonja. Ganda likiwa na madoa meusi ni vizuri zaidi, maana kadiri ndizi inavyoiva ndivyo wanga wake unavyogeuka kuwa sukari. Ila isiwe imeoza wala kutoa maji; hiyo itavunjika ndani ya karai na kunywa mafuta. Menya, kisha pasua kila ndizi vipande viwili kwa urefu.

Katika bakuli changanya kikombe kimoja cha unga wa ngano, vijiko viwili vya chakula vya unga wa mchele, nusu kijiko cha chai cha hamira, chumvi kidogo sana na iliki iliyotwangwa. Unga wa mchele ndio unaolifanya ganda la nje likauke na kulia linapotafunwa. Nao hausumbui kupatikana katika nchi ya mpunga. Tia maji ya uvuguvugu kidogokidogo, yasifike kikombe kizima, huku ukikoroga mpaka upate rojo zito linalong'ang'ania kijiko. Lifunike kwa nusu saa liumuke.

Usitie sukari ndani ya rojo. Sukari huungua upesi, na utaona nje pameiva na kuwa peusi ilhali ndani unga ni mbichi. Tunda lina utamu wake. Atakaye zaidi, anyunyizie sukari kidogo au asali baada ya kuepua.

Pasha mafuta ndani ya karai. Kuyajua kama yako tayari, dondosha tone la rojo: likizama na kubaki chini, mafuta bado; likiungua papo hapo, yamezidi; likizama kidogo kisha likapanda juu likizungukwa na mapovu, hapo ndipo. Kwa mwenye kipimajoto ni kati ya nyuzi 170 na 180 za sentigredi. Siri ya jambo hili ni maji yaliyomo ndani ya rojo na tunda. Mafuta yakiwa na moto wa kutosha, maji hayo hugeuka mvuke na kutoka nje kwa nguvu, yakiyazuia mafuta yasiingie. Mafuta yakiwa baridi, unga huyanywa, na mlaji hubaki na mafuta mdomoni badala ya ndizi.

Vipande vya ndizi vigaragaze kwanza katika unga mkavu, ili rojo lishike. Kisha chovya kimoja kimoja na ukiteremshe taratibu karaini. Visijazwe vingi kwa pamoja, kwani hupoza mafuta. Geuza mara moja; vikiwa na rangi ya dhahabu, epua na vichuje mafuta. Huliwa vya moto, pamoja na chai isiyotiwa sukari nyingi.

Chakula cha bahari nzima

Asidhani mtu kwamba hiki ni kijichakula cha kubahatisha. Ndizi yenyewe ina heshima kongwe. Katika Suratul Waqi'a, aya ya 29, wanapotajwa watu wa kuliani na neema zao, wengi katika wafasiri wa Qur'ani wamelifasiri neno talhi kuwa ni ndizi zilizopangika. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta ndizi mbichi zikipikwa kwa maziwa na kuandaliwa pamoja na wali. Na alipopita Mombasa aliandika kuwa ndizi na samaki ndivyo vilivyokuwa chakula kikuu cha watu wake.

Asili ya ndizi ni Asia ya Kusini-Mashariki, na huko ndiko ndizi za kuchovya zilikostawi hasa. Indonesia na Malaysia huziita pisang goreng, na katika mwezi wa Ramadhani ni miongoni mwa vyakula vya kufungulia. Kerala, kusini mwa India, ndizi kubwa huvishwa rojo vivyo hivyo na kuuzwa katika migahawa ya chai. Kwa majirani zetu wa Uganda kuna kabalagala: ndizi ndogo tamu hupondwa, zikakandwa na unga wa muhogo bila ya maji, zikakatwa mviringo na kukaangwa. Ni ndugu wa chakula chetu, japokuwa tunda huchanganywa badala ya kuvishwa.

Na ile hekima ya kuliumua rojo na kulikaanga katika mafuta mengi tunayo pwani tangu zamani katika kaimati. Jina hilo ni la ukoo mmoja na tonge za kadhi za Waarabu, ambazo zimo katika kitabu cha mapishi kilichoandikwa na al-Baghdadi mwaka 1226. Kwa hiyo yule bibi wa Nyashimo, aliye mbali na bahari, alikuwa ameshika mkononi ndizi ya Asia na rojo la pwani, na chini ya karai lake kuni za Usukumani.

Wala Wasukuma hawakuhitaji kufundishwa na wageni kuhifadhi neema. Viazi vitamu vikizidi, hukatwa vikakaushwa juani vikawa michembe. Vikichemshwa kwanza, ndiyo matobolwa. Wazee waliofanya hivyo hawakuwa wachoyo. Walijua kwamba baada ya msimu wa shibe kuna miezi ambayo ghala huanza kutoa mwangwi.

Hadhari ya mafuta

Hata hivyo, neema ikiandaliwa vibaya hugeuka madhara, na kudhuriana kumekatazwa katika dini yetu. Hivyo tunatoa tahadhari tatu.

Kwanza, mafuta yasirudiwe mpaka yakawa meusi. Yakianza kutoa povu, kunata, au kufuka moshi kabla ya kupata moto wa kutosha, muda wake umekwisha. Kanda ya Ziwa ni nchi ya pamba, na mafuta ya mbegu zake ni mazuri kwa kukaangia, lakini yawe yamesafishwa kiwandani, kwani mbegu ya pamba ina sumu ya asili ambayo huondolewa katika usafishaji. Na mafuta yaliyokaangiwa dagaa au sangara yaachiwe samaki. Ndizi itakayoingia humo itatoka na harufu ya mwalo.

Pili, karai la mafuta ya moto si la kuachwa na mtoto hata kwa kitambo cha kufungua mlango. Mafuta yakishika moto, usimwagie maji kabisa. Maji hugeuka mvuke ghafla na kuusambaza moto. Funika karai kwa kifuniko au sinia la chuma, uzime jiko, na usiliguse mpaka lipoe.

Tatu, hiki ni kitamutamu, si mlo wa kila siku. Mwenye maradhi ya kisukari asidanganyike kwa kuwa sukari haikutiwa. Ndizi iliyoiva ina sukari yake, na unga na mafuta vimeiongezea uzito.

Sahani isirudi tupu

Sasa turejee kwenye ua wa bibi. Harufu ya iliki ilikuwa imekwishavuka uzio wa minyaa. Upande wa pili walisimama watoto wawili wa jirani, kimya, wakichungulia. Tulielezwa baadaye kwamba nyumba hizo mbili hazikuwa zikisemezana tangu mbuzi wa upande mmoja walipoingia katika shamba la pamba la upande wa pili.

Bibi alihesabu vipande vyake. Vilikuwa kumi na viwili, na pale uani tulikuwa watu saba. Akatoa vinne, akaviweka sahanini, akafunika kwa kawa, akamwita mjukuu wake mkubwa avipeleke kwa jirani, na apitie mlangoni, asivirushe juu ya uzio.

"Bibi, sisi hatutashiba," alinung'unika mtoto.

"Hiki si cha kushibisha, mjukuu wangu, ni cha kuonja. Na wenzenu wameonja harufu tangu saa nane."

Ndugu msomaji, katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amewausia wanawake wa Kiislamu kwamba jirani asiidharau zawadi ya jirani mwenzake, hata ikiwa ni ukwato wa mbuzi. Na katika Sahihi ya Muslim ameelekeza kwamba tonge likianguka lisafishwe na liliwe, lisiachiwe shetani. Imepokewa pia, kwa sanadi ambayo wanavyuoni wa hadithi wameidhoofisha, kwamba anunuaye matunda amzawadie jirani, na akishindwa ayaingize nyumbani kwa siri, na mtoto wake asitoke nayo nje akamtia uchungu mtoto wa jirani. Udhaifu wa sanadi tumeutaja kwa sababu ya amana ya elimu. Ama maana yake inaungwa mkono na mafundisho mengi yaliyosihi kuhusu haki ya jirani.

Tazama basi jinsi mafundisho haya yanavyokutana katika ndizi moja. Ingetupwa, ingekuwa israfu, jambo ambalo Suratul A'araf, aya ya 31, imelikataza palepale ilipoturuhusu kula na kunywa. Ingeliwa kwa kujifungia ndani, ingekuwa halali, lakini harufu ingebaki kwa wengine ikiwa maudhi. Ilipogawanywa, kitu ambacho soko lilikihesabu kuwa ni cha mbuzi kikawa zawadi.

Tulilala Nyashimo usiku ule. Asubuhi, tulipokwenda kuaga, sahani ilikuwa imerudi. Haikurudi tupu; ilikuwa na karanga za kutosha viganja viwili, imefunikwa kwa kawa lile lile. Aliyeileta hakuwa mtoto, alikuwa mama mwenyewe wa nyumba ya pili. Alisimama mlangoni, akaamkia "Mwangaluka," akaitikiwa. Mbuzi hawakutajwa, wala pamba haikutajwa. Bibi alimwonyesha kigoda, akaketi.

Sisi tuliondoka na ahadi moja moyoni, nayo tunaitoa kwako kama nasiha. Leo jioni, kabla ya kutupa tunda lililobadilika ganda, limenye kwanza uone ndani. Likiwa zima, koroga rojo. Na kabla ya kuketi kula, hesabu vipande, kisha usikilize kama upande wa pili wa uzio kuna watoto.

Wabillahi tawfiq.