Kibuyu Kilichopoteza Jina

Mwanafunzi anayeondoka Tulia, Kitui, alfajiri ili kuzuru Jumba la Makumbusho la Nairobi husafiri zaidi ya kilomita 100. Aghalabu huenda kutazama vitu alivyoviacha jikoni mwa nyanyake asubuhi hiyo hiyo. Atasimama mbele ya kabati la kioo, atanakili maneno ya kibandiko, kisha atarejea basini akiamini kwamba amejifunza utamaduni. Swali ninalowaletea walimu na wanafunzi leo ni hili: amejifunza nini hasa?

Miaka kadhaa iliyopita niliingia katika jumba moja la makumbusho barani Ulaya, lililosheheni vinyago, ngao, nguo na ala za muziki kutoka kila pembe ya dunia. Katika kabati mojawapo palikuwa na kibuyu chenye shingo nyembamba, kilichowahi kupasuka kikashonwa kwa ustadi. Kibandiko kilisema: chombo, Afrika Mashariki. Basi. Wakamba hukiita kitete. Aliyeandika maneno hayo hakusema uongo, ila pia hakusema lolote.

Nilipomwonyesha ajuza mmoja wa Tulia picha ya kibuyu hicho, hakuuliza kilifikaje ughaibuni. Aliuliza ni nani aliyekishona, na je, kilikuwa cha uji au cha pombe? Kwake yeye, kilichozoea kimoja hakitiwi kingine. Kwa maswali mawili tu, mama huyo ambaye hajawahi kuingia makumbusho alikuwa amelisahihisha jumba zima.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Jina la kitu si pambo linalobandikwa baadaye. Ni sehemu ya kitu chenyewe. Kikamba hutenganisha kitete na nzele, ambayo ni kibuyu kilichopasuliwa kikawa cha kuchotea na kunywea. Kiswahili nacho kina kibuyu, kitoma na kata. Anayeviita vyote “chombo” amefuta kwa neno moja maarifa ya vizazi. Tazama pia kyondo, kikapu kinachosukwa na akina mama wa Ukambani, ambacho wingi wake ni syondo. Mwanafunzi akiweka kyondo na syondo kando ya chombo na vyombo, ataona kwa macho yake undugu wa lugha za Kibantu. Je, kuna somo la sarufi linaloshinda hilo?

Haki itendeke: si kila mgeni aliyekusanya vitu alipuuza majina. Msomi wa Uswidi, Gerhard Lindblom, aliishi miongoni mwa Wakamba mwanzoni mwa miaka ya 1910, na kitabu chake cha mwaka 1916 kimejaa msamiati wa Kikamba. Lindblom alikusanya vitu, lakini pia alisikiliza. Kinachosikitisha ni kwamba leo mtoto wa Kitui anayetafuta baadhi ya majina hayo huenda akalazimika kuyasaka katika kitabu cha Mswidi.

Mnamo 2021, Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na majumba mawili ya Ujerumani, la Cologne na la Frankfurt, yalionyesha matunda ya mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo. Vilihesabiwa zaidi ya vitu 32,000 katika taasisi 30 za nje. Wapo wanaodai virejeshwe, nami ni mmoja wao. Lakini tujiulize kwa unyofu: kitete kile kikirejea kesho, nani atakipokea kwa jina lake? Tukikirudisha kutoka kabati la Ulaya na kukitia katika kabati la Nairobi chini ya kibandiko kile kile, tutakuwa tumekihamisha tu.

Kwa hiyo nawasihi walimu wasizifute ziara za makumbusho, bali wabadilishe mwanzo wake. Wiki moja kabla ya safari, kila mwanafunzi na aende kwa mzee wa jirani akiwa na daftari. Na aandike jina la kitu, wingi wake, kimeundwa kwa nini, nani hukiunda, na ni mwiko gani unaokihusu. Kisha aende Nairobi, asimame mbele ya kioo, na alinganishe. Pale kibandiko kitakapopungukiwa, mwanafunzi ndiye atakayekuwa mwalimu.

Kifungu cha 7 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za Wakenya. Hata hivyo, hakuna katiba itakayokwenda Tulia kuketi na ajuza yule jikoni mwake. Kitete chake kinaweza kumsubiri mnunuzi, mwizi au mtafiti. Yeye mwenyewe hawezi kusubiri sana.