Moyo Unapouma, Tumwambie Daktari Nini?

Mswahili aliyefiwa husema moyo wamuuma; aliyetukanwa husema vivyo hivyo. Lugha yetu imeutwika moyo maana nyingi, nasi twajivunia utajiri huo. Hata hivyo, mwalimu anayekwenda kwa mara ya kwanza kwa daktari bingwa wa moyo hatafaidika kwa kusema tu, "Moyo wanisumbua." Daktari ataka kujua: kifua chabana, chachoma au chalemewa? Maumivu huanza upandapo ngazi, au hata ukiwa umeketi? Hudumu dakika ngapi? Huenea mkononi, shingoni au kwenye taya? Je, pumzi hukatika ulalapo chali? (Maumivu makali yanayoandamana na jasho jingi na kukosa pumzi hayangojei miadi, hayo ni ya kupelekwa hospitali saa ile ile.)

Majibu yaandikwe siku chache kabla, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. Sioni fahari yoyote katika kujieleza kwa Kiingereza cha kubabaisha.

Dawa zote zichukuliwe pamoja na pakiti zake. Mitishamba nayo isifichwe, maana baadhi yake hubadili utendaji wa dawa za moyo. Aidha, wazee waulizwe iwapo utotoni uliumwa koo, kisha ukashikwa na homa na viungo vikavimba. Huenda ilikuwa homa ya baridi yabisi, ambayo huweza kuharibu vali za moyo, na madhara yake yakajitokeza miaka mingi baadaye, mgonjwa mwenyewe akiwa amekwisha kusahau.