Namba 4,294,967,297 na Kigawo Chake

Mwaka 1640 mwanahisabati Mfaransa, Pierre de Fermat, aliamini kuwa 4,294,967,297 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Imani hiyo ilitokana na ukoo wa namba yenyewe: 3, 5, 17, 257, 65,537. Ukitoa 1 katika namba yoyote ya ukoo huu, ukazidisha jawabu kwa jawabu hilo hilo, kisha ukarudisha 1, wapata inayofuata. Zote tano ni tasa. Ya sita ndiyo hii.

Kuihakiki kwa kila namba tasa iliyo chini ya 65,536 kungedai migawanyo 6,542, kazi ya kumchosha hata mwenye subira. Lakini mwaka 1732 Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alionyesha kuwa namba hiyo ni 641 × 6,700,417. Baadaye alithibitisha kwamba kila kigawo tasa chake, kikigawanywa kwa 64, sharti kibakize 1. Kwa sharti hilo za kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641! Mwanafunzi aweza kuirudia kazi hiyo katika kipindi kimoja.

Hadi leo haijapatikana namba tasa ya sita katika ukoo huo, wala hakuna aliyethibitisha kuwa haimo.