Kompyuta ya Gari Ikileta Shida: Tuweke Kabureta, au Tuulize Kwanza?



Kikundi kinaponunua gari, inakuwa mali ya wote. Asubuhi inabeba maziwa, wakati wa mavuno inabeba mahindi, na usiku mgonjwa akizidiwa hiyo hiyo ndiyo inampeleka Eldoret. Kwa vikundi vya huku kwetu Turbo, mara nyingi ni gari ya Kijapani ya miaka ya 1990, yenye kompyuta na gia za otomatiki.

Siku moja inaanza kuzima-zima na kunywa mafuta kupita kiasi. Fundi anasema, "Hiyo ni kompyuta. Tuitoe, tuweke kabureta, tumalizane nayo." Shauri hilo si la kudharauliwa. Mafundi wa jua kali wamefanya kazi hiyo na gari zikatembea. Lakini kama gari ni otomatiki, kuna swali la kuuliza kabla spana haijashikwa: kompyuta ikitoka, nani ataiamuru giaboksi?

KOMPYUTA INAFANYA NINI?

Watu wengi hudhani kompyuta ni ya mafuta peke yake. Sivyo. Kwanza, inapima mafuta yanayopulizwa na nozeli. Pili, inaamua plagi zitoe moto wakati gani. Tatu, inaongoza pampu ya mafuta iliyo ndani ya tangi. Nne, katika otomatiki nyingine, ndiyo inayobadilisha gia. Kabureta inachukua kazi ya kwanza tu. Hizo tatu zingine lazima zitafutiwe mwenye kuzifanya.

KWANZA, IULIZE GARI YENYEWE

Toyota nyingi za miaka hiyo zina kisanduku kidogo chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Fundi akiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha akafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililoandikwa. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, halafu mara mbili tena, hiyo ni 22, yaani sensa ya joto la maji. Mara nne kisha mara moja ni 41, sensa ya throto.

Kazi hii haichukui hata nusu saa. Mara nyingi mgonjwa si kompyuta. Ni sensa moja, waya uliotafunwa na panya, waya wa athi uliolegea, au filta ya mafuta iliyoziba. Na hata kama kompyuta imekufa kweli, yaweza kupatikana nyingine iliyotumika. Namba yake (kwa Toyota huanza na 89661) ilingane na ya zamani yote, si mwanzo peke yake.

PILI, JUENI AINA YA GIABOKSI

Tafuteni bati la namba chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Mbele ya maneno TRANS/AXLE kuna namba ya giaboksi. Katika Corolla, kwa mfano, mnaweza kukuta A240L au A245E. Herufi ya mwisho ndiyo yenye habari.

Ikiwa ni E, gia zinabadilishwa kwa umeme wa kompyuta. Mkiing'oa, giaboksi haijui ifanye nini. Katika Toyota nyingi za aina hii, D ikikosa umeme hubaki kwenye gia ya juu. Gari itang'oka kwa shida hata mahali tambarare, sembuse ikiwa na mizigo kwenye mlima. Baadhi ya giaboksi za E zina kebo pia, lakini kebo hiyo ni ya presha tu, haibadilishi gia. Kwa hizi, shauri letu ni moja: msiweke kabureta. Tengenezeni kompyuta.

Ikiwa ni A240L au nyingine ya zamani kama hiyo, gia hubadilishwa kwa presha ya oili yenyewe, kwa msaada wa kebo itokayo kwenye throto. Hapo kabureta yawezekana.

TATU, KAZI IFANYWE KAMILI

1. Kebo ya giaboksi. Lazima ifungwe kwenye mkono wa kabureta na kupimwa. Pedali ikikanyagwa hadi mwisho, kizuizi kilicho kwenye kebo kiwe milimita 0 hadi 1 kutoka ukingo wa mpira wake. Kebo ikilegea, presha ya oili inashuka, klachi za ndani zinateleza na kuungua. Gari itatembea vizuri wiki chache, kisha giaboksi inakwisha. Huu ndio mtego mkubwa, kwa sababu siku ya kuchukua gari hamtauona.

2. Pampu ya mafuta. Ile ya nozeli hutoa presha karibu mara kumi ya inayotakiwa na kabureta. Ikiachwa hivyo, petroli itafurika juu ya injini yenye moto. Gari inaweza kuwaka. Wekeni pampu ya kabureta, na bomba la kurudisha mafuta lisizibwe.

3. Distribyuta. Itoke kwenye injini ya kabureta ya jamii ile ile, yenye uwezo wa kujirekebisha moto bila kompyuta.

4. Urefu wa nchi yetu. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu karibu moja kwa tano kuliko Mombasa. Nozeli hujirekebisha, kabureta haijui. Fundi abadilishe jeti, la sivyo mtaona moshi mweusi na mafuta yataisha upesi.

HESABU YA KIKUNDI

Msiulize bei ya kabureta peke yake. Andikeni bei ya kabureta na manifoldi yake, pampu, distribyuta, kebo na kazi ya fundi. Kando yake andikeni bei ya sensa, nyaya au kompyuta iliyotumika. Ndipo mlinganishe. Fundi atie sahihi kwamba gari itajaribiwa na mzigo mlimani kabla ya malipo ya mwisho. Vitu vya zamani vyote arudishe, msije mkavihitaji. Na kama injini nzima imebadilishwa, logbook irekebishwe NTSA.

Mweka hazina asilazimishwe kutoa pesa siku ile ile gari imekwama. Pesa ya ng'ombe wa mama fulani iko ndani ya hiyo gari. Kuuliza si kumdharau fundi, na fundi mzuri hachukii kuulizwa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Giaboksi ya gari yetu ina herufi gani?
2. Nani kati yetu atakaa na fundi wakati wa kupima?
3. Gari ikilala gereji wiki mbili, maziwa yatafikaje sokoni?
4. Je, tunaweka akiba ya matengenezo kila mwezi, au tunangoja iharibike?