Gari Lina Kidevu, Mtahini Hana Habari

Majuzi niliipeleka pikapu yangu kuukuu, Peugeot 504, kwa fundi mmoja wa jua kali. Wasomaji wa makamo watakumbuka kwamba gari la jina hilo lilishinda Safari Rally mwaka wa 1975, na tena 1978. Yangu haitafuti ushindi. Ila kila nikaribiapo kilomita 90 kwa saa, nikiwa na mzigo nyuma, usukani huwa mwepesi mno mikononi.

Nilikuwa nimenunua bamba la plastiki ngumu la kufungwa chini ya bampa ya mbele. Kiingereza hulipa jina la ukuta uzuiao maji, ingawa hapa kinachozuiwa ni hewa. Mwanafunzi wangu mmoja alilitafsiri "bwawa la hewa". Nilimkosoa: bwawa ni maji yaliyokusanyika, si ukuta unaoyazuia. Walakini mimi mwenyewe sikuwa na neno bora.

Kijana anayemsaidia fundi alilitazama, akasema, "Kumbe ni kidevu, mwalimu."

Nikamwuliza kina kazi gani. Hakusita: "Gari likienda kasi, upepo huingia uvunguni, ukagonga injini na ekseli, ukalirudisha gari nyuma na kuinua pua yake. Kidevu huugeuza upite kando." Akanionya kwamba tusizibe njia ya hewa ya rejeta, injini isije ikachemka, wala kisishuke mno, kwani barabara zetu zina matuta. Kisha alikishikilia kwa vibano, akazungusha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, kuhakikisha kwamba magurudumu hayakigusi. Akatia alama, akatoboa kwa kekee akianzia katikati, akapaka kila tundu rangi ya kuzuia kutu, ndipo akakaza bolti.

Nilimwuliza kwa nini hana cheti. "Nimeanguka mara mbili mtihani wa kuandika. Kazi naijua, mwalimu. Maswali ndiyo siyaelewi."

Niliona haya. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, masomo ya ufundi vyuoni mwetu yangali yakifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na aghalabu tunaambiwa sababu ni uhaba wa istilahi. Lakini lugha yenye shingo ya chupa na mguu wa meza itakosaje kidevu cha gari? Istilahi zipo, sisi wasomi ndio tunaozitafuta mahali pasipo.

Sisemi Kiingereza kitupwe. Vitabu vingi vya magari vimeandikwa kwa lugha hiyo, na kijana huyu atavihitaji. Nasema mtihani wa ufundi upime ufundi. Nanyi walimu, wapelekeni wanafunzi gereji na madaftari yao, wakasikilize kabla ya kutafsiri.

Pikapu yangu sasa inashika barabara vyema. Kijana bado hana cheti.