Utambulisho wa Biashara: Jina, Nembo na Tangazo la Mgahawa Mpya

Mtahiniwa, ukiulizwa swali la kutunga tangazo la mgahawa, usikimbilie kuandika "Njooni nyote, chakula kitamu, bei nafuu!" Maneno hayo yanaufaa mgahawa wowote, kwa hiyo hayautambulishi hata mmoja. Kabla ya kushika kalamu, jiulize kwanza mgahawa huu ni upi na unatofautianaje na ule wa jirani. Jibu la swali hilo ndilo utambulisho wa biashara.

Maana ya utambulisho wa biashara

Utambulisho wa biashara ni jumla ya mambo yanayomwezesha mteja kuitambua biashara, kuitofautisha na nyingine na kukumbuka kile alichoahidiwa. Mambo hayo ni jina, nembo, rangi, kaulimbiu, lugha ya wahudumu na mwenendo wa kila siku wa biashara yenyewe.

Jambo hili si geni katika pwani yetu. Masultani wa Kilwa walipiga chapa sarafu za shaba. Upande mmoja uliandikwa jina la sultani, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Maneno ya pande hizo mbili yalitungwa ili vina vyake vigongane. Mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, zikaja kutambuliwa asili yake kutokana na maandishi hayo. Tunajifunza hapa kwamba jina linalosomeka, maneno machache yenye mdundo na umbo lisilobadilika huweza kujieleza hata pale ambapo mwenye mali hayupo.

Mfano wa kuchambua

Chukulia mama lishe aliyepika kwa miaka mingi chini ya mwembe karibu na stendi ya Kilwa Masoko. Wateja wake, yaani madereva, wavuvi, watumishi wa ofisi za wilaya na wanafunzi, humwita Mama Mkubwa. Sasa amekopa fedha katika kikundi chake cha kuweka na kukopa, akajenga banda la matofali lenye meza sita. Mkopo unataka kulipwa kila mwezi. Mwanawe, aliyemaliza kidato cha nne, anapendekeza kibao kiandikwe "Ocean View Grill" ili kuvuta wageni wanaokwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981.

Je, ashike ushauri huo? Tupime kwa hatua zifuatazo.

(a) Kumjua mteja. Wageni huja na kuondoka, lakini dereva na mtumishi hula kila siku. Rejesho la mkopo litatokana zaidi na wale wa kila siku. Jina linalowafanya wadhani kwamba mahali hapo si pao tena litawapoteza kabla wageni hawajafika.

(b) Kuchagua ahadi moja. Kutoka stendi bahari haionekani. Jina la kijana linaahidi kitu ambacho jicho litakikanusha mara moja. Mama Mkubwa anaweza kuahidi kile anachokiweza: samaki wa siku hiyo, aliyepikwa kwa nazi iliyokunwa siku hiyo.

(c) Kuchagua jina. Jina zuri ni fupi, hutamkika kwa urahisi na halileti maana mbaya. Jihadhari na maneno yenye maana mbili. "Gereza" ni jina la ngome ya kale Kilwa Kisiwani, lakini nani atapenda kula gerezani? "Magofu" nayo humkumbusha mlaji ukuta unaoanguka. Katika mfano wetu jina tayari limo vinywani mwa watu: Kwa Mama Mkubwa. Linalobaki ni kuliandika tu.

(d) Nembo na rangi. Nembo iwe rahisi kiasi kwamba fundi wa vibao aweze kuichora, mtu wa ng'ambo ya barabara aione, na iweze kupigwa kwa muhuri wa rangi moja kwenye risiti. Chungu kimoja au samaki mmoja anatosha. Kumbuka pia kuwa upepo wa chumvi huharibu bati na rangi haraka. Kibao kilichochakaa nacho ni ujumbe kwa mteja.

(e) Kaulimbiu. Mfano: "Samaki wa leo, nazi ya leo." Hapa imetumika takriri, yaani kurudia neno kwa makusudi ili ujumbe ukae kichwani. Ukitaja mbinu kama hii katika jibu lako, eleza na kazi yake.

(f) Lugha ya huduma. Rejesta ya mgahawani hupenda ufupi: "Nani pweza?" "Pweza hapa!" Ufupi huo huokoa muda, lakini hauondoi "shikamoo" kwa mtu mzima wala "karibu tena" kwa anayeondoka. Mteja huikumbuka sauti iliyomkaribisha kuliko rangi ya ukuta.

(g) Sheria. Kabla ya kulipia kibao, jina lichunguzwe BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) kama halijasajiliwa na mwingine. Usichanganye mambo mawili: kusajili jina la biashara si sawa na kusajili alama. Kwa Tanzania Bara, alama husajiliwa chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10.

Ahadi inapojaribiwa

Katika miezi ya kusi kali, zipo siku ambazo vyombo vidogo haviendi baharini. Mama Mkubwa ana njia mbili. Anaweza kupika samaki wa juzi na kunyamaza, au kuandika ubaoni: "Leo bahari chafu, hakuna samaki. Kuna maharage ya nazi." Siku hiyo huenda akauza kidogo. Lakini kesho yake, atakapoandika "samaki wa leo", ataaminiwa. Utambulisho hujengwa na mwenendo. Kibao huutangaza tu.

Mfano wa tangazo

KWA MAMA MKUBWA
Samaki wa leo, nazi ya leo
Wali wa nazi, samaki wa kupaka, pweza na maharage
Karibu na stendi, Kilwa Masoko
Saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku
Bei zimeandikwa mlangoni. Karibuni.

Makosa ya kuepuka

1. Kusifu bila kutaja kinachouzwa, mahali na muda.
2. Kuandika tangazo kama insha ndefu.
3. Kuahidi jambo ambalo biashara haiwezi kulitimiza.
4. Kuchanganya lugha bila sababu.

Zoezi

Jirani yako anafungua mgahawa wa chai na vitafunwa karibu na soko la samaki mjini Lindi. (i) Pendekeza jina na utoe sababu mbili. (ii) Tunga kaulimbiu isiyozidi maneno sita, kisha utaje mbinu uliyotumia na kazi yake. (iii) Andika tangazo la mgahawa huo.