Kumwanika Tapeli wa Nchi Jirani: Sheria ya Nani Itakushika?

Umeagiza vitenge kwa muuzaji wa Tanzania, umetuma pesa kwa simu, kisha jamaa amezima simu. Hasira zikipanda, wengi wetu hukimbilia Facebook na skrinshoti ya malipo: jina, namba, na neno MWIZI kwa herufi kubwa.

Shida ni kwamba posti haisimami Namanga kugongwa muhuri. Mwaka 2002, Mahakama Kuu ya Australia iliamua kesi ya Joseph Gutnick, mfanyabiashara wa Melbourne, dhidi ya kampuni ya Dow Jones. Makala aliyosema imemchafulia jina ilikuwa kwenye seva za New Jersey, Marekani, na Dow Jones ilitaka kesi isikizwe huko. Mahakama ikakataa. Jina huharibika pale watu wanapoifungua makala na kuisoma, na hapo ndipo mwenye jina anaweza kushtaki. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya wala za Tanzania, lakini hoja ni hiyo hiyo utakayowekewa mezani.

Kwa hivyo muuzaji yule anaweza kudai fidia kwao, ambako wateja wake wameisoma posti, au akufuate huku uliko. Tanzania pia ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Ukisambaza habari unayojua ni ya uongo kwa nia ya kumchafua mtu, faini haipungui shilingi milioni 5 za huko, au kifungo kisichopungua miaka 3.

"Lakini mimi nasema ukweli!" Sawa, ukweli ni utetezi. Ila skrinshoti inaonyesha tu kwamba pesa ziliingia kwenye laini ile. Haionyeshi ni nani aliyeishika. Kuna matapeli wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, labda nyanya fulani asiyejua lolote. Na kusema "mimi nili-forward tu" hakukuokoi, kwa sababu anayesambaza naye ametangaza.

Pigia huduma kwa wateja mara moja, kabla pesa hazijatolewa, ukiwa na kodi ya muamala. Nenda polisi upewe namba ya OB. Kuwapa hao jina lake si sawa na kulitangaza kwa umma. Ukitaka kuonya wenzako kwenye grupu, andika kilichotokea: uliagiza lini, ulilipa ngapi, mzigo haujafika. Jina na namba zifiche. Kama posti tayari iko hewani, ifute leo, lakini meseji za malipo usiziguse.